Ufa wa Kumi na Saba

Kazi yangu ni kalamu. Kampuni hunilipa
niandike yaliyosemwa, niyapunguze makali.
Jumanne ya Novemba, ukumbi wa kanisa la Noorderhem,
mvua ikipiga vioo kwa ubavu, makoti yakichuruzika mlangoni.
Tulileta kahawa, tulileta biskuti za tangawizi,
na ramani iliyopakwa kijani pale palipo salama.

Waliohudhuria: watu arobaini na mmoja.
Aliyetoa udhuru: mmoja, ng'ombe wake alikuwa anazaa.

Meneja Terpstra alisema "wadau wetu wapendwa" mara sita.
Akasema tumekuja kusikiliza,
kisha akasema kwa dakika hamsini:
gesi imelala kilomita tatu chini, ndani ya mwamba,
kama maji ndani ya sponji. Tukiivuta,
ardhi hujishusha kidogo, hujipanga upya.
Neno tetemeko hakulitia mdomoni.
Alisema "mtikisiko"; alipoona nyuso, akasema "tukio."

Nikaandika: tukio.

Harm Tonkens, mikono bado inanuka maziwa,
akauliza kama ni tukio lililomwangusha kitandani saa tisa usiku,
na bomba la moshi la jirani likaingia jikoni kwake
bila hata kubisha hodi.
Watu wakacheka. Meneja akacheka nao,
akachelewa kuacha.

Nikaandika: Mdau alieleza uzoefu wake.

Ndipo akasimama Geeske Bolhuis,
fundi cherehani, mkono mmoja mfukoni mwa koti.
"Nyumba yangu imekaguliwa mara nne.
Wa kwanza alikuja na rula, akasema ufa ni wa zamani.
Wa pili akamlaumu babu yangu, eti alijenga kwa pupa.
Wa tatu akaulaumu mpeasi wangu.
Wa nne hakupanda ngazi; alikuwa na miadi saa nane.
Sote tunajua, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Huu wa kumi na saba, juu ya kitanda changu,
nimeuziba mara tano.
Basi anayeufungua ni nani?"

Akatoa mkono mfukoni.
Kipande cha kioo, kile tunachowafundisha wabandike juu ya ufa,
na tarehe kwa wino mwekundu.
Akakiweka kati ya biskuti na ramani.
Tarehe ilikuwa imegawanyika: siku upande huu,
mwezi upande ule.

"Mnaniita mdau. Nimelifikiria neno hilo nikipiga pasi.
Dau huwekwa na anayecheza.
Mimi sikucheza. Nilikuwa nimelala.
Nani aliyeiweka nyumba yangu mezani?"

Birika la kahawa liliguna peke yake.
Meneja akasema, "Asante kwa mchango wako. Tutalichukua hilo."
"Kichukue basi," akasema, akakisukuma kioo mbele.
Meneja alitazama saa yake. Hakukigusa.

Nilibaki kukusanya vikombe.
Vile vipande viwili nikavifunga kwa karatasi ya biskuti,
nikaenda navyo nyumbani, nikawasha jiko,
nikachemsha supu ya haradali.
Moto wa buluu, mpole kabisa,
haukutikisa hata kijiko.

Asubuhi nikachapa: Kiambatisho cha kwanza,
kioo, vipande viwili.
Makao makuu wakajibu kabla ya chakula cha mchana:
mfumo haupokei kiambatisho cha aina hiyo.
Wakaomba pia neno "babu" liondolewe,
halihusiani na ajenda.

"Babu" nimemwacha alipo.
Nimepanda juu, mstari wa kumi na mbili,
pale nilipoandika tukio, nikalifuta.
Nafasi imebaki wazi kwenye karatasi, nyembamba,
inapitisha mwanga.
Sijaiziba.